Flood Hub kando ya mto Nyando: uzoefu wangu

Wengi huniuliza kama Flood Hub, ramani ya mtandaoni inayokadiria mafuriko ya mito, inasaidia kweli. Nianze na jibu, maana najua wengi wanalitaka hilo kwanza. Ndiyo, Flood Hub ya Google inasaidia. Kwa sisi tulio kando ya mto mkubwa, kila kikundi kinastahili kuwa na mtu mmoja anayeifungua kila asubuhi wakati wa masika. Lakini ukiiacha ifanye kazi peke yake, haitamwokoa mtu.

Mimi ni mkulima wa mpunga upande wa Ahero, Kisumu, Kenya, na ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Nilianza kuitumia baada ya mafuriko ya 2024. Haina malipo, bando tu ndiyo yako. Unafungua ramani kwenye simu, unautafuta mto wako, unabonyeza alama iliyo karibu na kwenu, na hapo unaona makadirio ya maji ya mto kwa hadi siku 7 zijazo. Makadirio hayo hutengenezwa na akili unde kutokana na utabiri wa mvua, picha za setilaiti na umbo la bonde lenyewe.

Faida kubwa niliyoiona ni kwamba inatufanya tutazame juu milimani. Maji mengi yanayotufurikia hapa kwenye uwanda wa Kano hayakunyesha Kano. Nyando hutoka nyanda za juu za Nandi na Tinderet, hushuka kwa kasi, kisha hufika kwenye uwanda huu wa udongo mweusi unaonata, ambako hakuna mteremko wa kuyapeleka ziwani upesi. Unaweza kulala mbingu ikiwa nyeupe na kuamshwa na maji ndani ya nyumba. Wazee wetu husoma rangi ya mto na magugu yanayoelea, na hiyo ni elimu ya kweli ambayo sitaki ipotee. Shida ni kwamba mto ukishabadilika rangi hapa Ahero, muda uliobaki ni wa kunyakua watoto na kukimbia. Siku mbili tatu za kujua mapema zinatosha kuhamisha mbuzi, kupandisha mpunga wa mbegu darini, na kuweka vitambulisho na vyeti vya shule ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Panapohitaji mtu wa kuelezea ni kwenye viwango. Kijani ni hali ya kawaida, halafu kuna tahadhari, hatari, na hatari kubwa mno. Wenzangu walidhani viwango hivyo vinaonyesha kina cha maji uani kwao. Sivyo. Vinalinganisha mto na historia yake: tahadhari ni wingi wa maji unaotarajiwa takriban mara moja kwa miaka 2, hatari ni mara moja kwa miaka 5, na hatari kubwa mno ni mara moja kwa miaka 20. Kwa hiyo boma lililo bondeni linaweza kuingiwa na maji katika kiwango cha tahadhari, huku jirani aliye kwenye mwinuko akibaki mkavu hata kwenye hatari. Tulikaa mkutano mzima kwa jambo hilo moja, kila mama akisema mwaka gani maji yalifika wapi kwake, na naamini huo ndio mkutano uliotufundisha zaidi kuliko semina yoyote niliyohudhuria.

Wengi wetu wana kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, hawawezi kufungua ramani. Tulikubaliana kufunga kitambaa kwenye nguzo ya posho mill: kijani kwa hali ya kawaida, manjano kwa tahadhari, nyekundu kuanzia hatari. Anayekwenda kusaga anakiona, na asiyeona vizuri anauliza. Siku moja kitambaa kilipokuwa cha manjano, dani mmoja, yaani nyanya, aliniita toka ng'ambo ya barabara, "Katibu, hiyo manjano ni ya leo au ya kesho?" Nikamwambia, "Ni ya keshokutwa, dani. Mbuzi waende kwa mwanao leo." Swali lake lilikuwa zuri kuliko maelezo yangu yote, na tangu hapo tunaandika na siku kwenye kipande cha boksi chini ya kitambaa.

Sasa, mipaka yake. Hii ni ramani ya mito, na hasa mito mikubwa. Bwawa likipasuka, kama lile la Solai kule Nakuru tarehe 9 Mei 2018, makadirio ya mto hayawezi kukuonya. Vivyo hivyo maji ya ghafla kama yale yaliyoshuka Mai Mahiu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Na kwa ndugu zetu wa Dunga, kando ya ziwa, kuna suala la ziwa lenyewe: Ziwa Victoria likijaa, maji hurudi nyuma na kukaa, hata mto ukiwa umetulia. Usimwambie mtu yuko salama kwa sababu ramani ni ya kijani.

Ndiyo maana naichanganya na vingine. Nasoma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, naweka namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, kwenye simu ya kila mwanachama, na nasikiliza redio. Wenzetu wa Budalang'i, wanaoishi nyuma ya matuta ya kuzuia maji ya mto Nzoia, wana Bulala FM, redio ya jamii iliyoanzishwa kupitia Idara ya Hali ya Hewa ili habari za mvua ziwafikie watu kwa lugha yao. Sisi wa Nyando tunahitaji kitu kama hicho, na nitaendelea kukiomba katika kila baraza la chifu.

Ukitaka kuanza, usingoje Machi. Ifungue wakati wa kiangazi, wakati hakuna mwenye haraka, mtafute pamoja alama iliyo karibu nanyi, kisha kila mtu aseme maji yakija atapita njia gani na atamchukua nani.