Vidonge vya mafuta ya samaki vya elfu 45 hapa Mtwara, geuza kopo kwanza

Wadau mi nilipima nikakutwa triglisaridi, yale mafuta ya kwenye damu, 312 wakati inatakiwa iwe chini ya 150, jamaa yangu akanambia kanunue mafuta ya samaki yale yanasafisha mishipa, basi nkaenda duka la dawa mjini nkatoa elfu 45, vidonge 60. Mbele wameandika miligramu 1000 kubwaa hadi asiye na miwani anaona. Nkameza kimoja kila asubuhi miezi miwili. Kumezeka vinamezeka, ila kucheua jamani!! mchana mzima natoa shombo utadhani nimeshinda feri napara samaki. Siku moja nkapasua kimoja na wembe, harufu iliyotoka sio ya samaki tena, ni ya mafuta ya mihogo yaliyokaangiwa wiki nzima. Nkakumbuka kopo lilikaa kwenye kioo cha mbele cha duka, jua linalipiga tangu asubuhi, na mafuta haya yakipata joto na mwanga yanachacha.

Kurudi kupima, 305. Daktari akaligeuza kopo: EPA 180, DHA 120. Yaani omega-3 yenyewe, ile inayofanya kazi, ni hizo mbili, miligramu 300 tu, kwingine mafuta ya kawaida! Dozi ya kushusha triglisaridi ni kama gramu 4 kwa siku na unaandikiwa, we piga hesabu, ni vidonge 13 kwa siku, siku ya tano kopo limekwisha. Na usijidozi mwenyewe, dozi kubwa zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Habari ya kukinga ugonjwa wa moyo ndo usiseme, Marekani kwenye utafiti wa VITAL uliotoka 2018 watu zaidi ya elfu 25 walipewa gramu 1 au vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa ujumla havikupishana kihivyo. Ipo dawa ya EPA tupu iliyosaidia wenye hatari kubwa wanaotumia statini, zile dawa za kushusha kolesteroli, ila sio hii ya dukani.

Halafu akaniuliza, mzee unakunywa nini? Nkanyamaza. Msimu wa mabibo ule, uraka, pombe ya mabibo, kila kona, na soda ya kushushia.

Nimeacha vyote viwili, nanunua vibua jioni bei ikishuka, mama watoto anawachemsha na ndimu. Juzi nimesoma 204.

Duka nalipa nyota 2, muuzaji ana lugha nzuri. Kopo nimewekea misumari, nayo inanuka shombo.