Unga wa diatomaiti kwenye banda tupu: nyota nne, na nyingine niliipoteza mwenyewe

Kuku wa mwisho walipoondoka bandani, nilifagia juu juu, nikafunga mlango, nikajiambia utitiri utakufa wenyewe kwa njaa. Baada ya wiki tisa nikarudi, nikashika ufito wa kulalia kuku nione kama bado ni imara. Kufumba na kufumbua, vijidudu vya kijivu vimeshafika kwenye kiwiko. Kijivu, maana hawajala. Ule wekundu wao unaotajwa ni wa damu waliyokunywa. Kumbe utitiri huu mchana hujibanza kwenye nyufa za mbao, na ukikosa kuku unaweza kusubiri miezi, hata minane. Papasi ndio usiseme, hao husubiri miaka.

Ndipo nikanunua unga huu. Umesagwa kutokana na mabaki ya mwani mdogo mno wa majini wenye maganda ya silika. Hauui kwa sumu. Mdudu akipita juu yake, unamvua ile nta inayomzuia kupoteza maji, naye anakauka. Sharti lenyewe ndilo hilo: lazima apite. Mimi mara ya kwanza niliunyunyiza sakafuni ukatandaa vizuri kama chapati inataka kusukumwa, nikaridhika. Utitiri uko juu kwenye fito, sakafuni unafuata nini? Nilipachika kipande cha boksi lenye mifereji chini ya ufito, na nilipokifunua siku tatu baadaye, walikuwa wamejipanga humo kama abiria.

Awamu ya pili nilifanya kazi kweli. Nilifungua fito zote, nikazikwangua, nikaziosha kwa maji ya moto na sabuni, nikazianika juani siku mbili. Uchafu mwingi ulikuwa kwenye ncha za fito, pale zinapoingia ukutani: vumbi jeusi-jeupe kama pilipili manga iliyochanganywa na chumvi. Hapo ndipo unga ulipohitajika. Chupa ya kupulizia iliyokuja nao iliziba nilipoibonyeza mara ya tatu, nikaitupa. Nikatia unga kwenye soksi kuukuu, nikawa naigonga-gonga kwenye kila ufa na kila tundu la msumari. Soksi imeishinda chupa kwa mbali. Mayai ya utitiri hayaguswi na unga, kwa hiyo nilirudia baada ya siku 7, kisha tena baada ya siku 7 nyingine, maana kukiwa na joto yai huwa mdudu mzima ndani ya muda kama huo.

Kona moja ilinikatalia. Paa linavuja pale, na unga ukilowa unakuwa uji tu, hauna kazi. Niliziba paa kwanza, ndipo nikarudi na soksi.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza sikuvaa barakoa, nikakohoa hadi usiku. Vumbi la silika si la kuvuta, kwa hiyo funika pua na mdomo na usiupeperushe ovyo. Na angalia unanunua upi: ule wa kuchujia maji ya bwawa la kuogelea umepitishwa kwenye moto mkali na ni hatari zaidi kwa mapafu. Tafuta ulioandikwa kuwa unafaa kwa mifugo.

Kuna faida moja ambayo kwenye mfuko haijaandikwa. Unga haumfanyi panya chochote, lakini ule niliomwaga sakafuni bure ulikuwa na nyayo zake asubuhi, msururu mmoja ulionyooka kutoka nyuma ya kiota hadi kwenye mfuko wa chakula niliousahau humo. Panya mdogo hupenya hata tundu unaloingiza penseli, na hilo lake lilikuwa nyuma ya ubao ambao nisingeufikiria. Nimeliziba kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, na mfuko nimeuhamisha.

Ningeununua tena? Ndiyo, kwa kulinda banda lililokwisha kuoshwa. Kwa banda chafu ni hasara tupu.

Kipande cha boksi bado nakifunua kila Jumamosi kabla sijaleta vifaranga. Wiki iliyopita nilimkuta buibui mmoja tu. Nimemwacha.