Rekoda ndogo ya betri mbili: miaka mitano nayo vijijini Kilimanjaro

Wadau habari zenu. Mi ni mwandishi wa mkoani, naishi Moshi ila kazi zangu nyingi ziko vijijini, leo Marangu kesho Rombo keshokutwa Mwanga, nalipwa kwa stori iliyotoka sio mshahara, kwahiyo kifaa nikishanunua nakitumia mpaka kiishe chenyewe. Naandika kuhusu rekoda ya sauti maana vijana wanaoanza hii kazi wananiuliza kila mara, kaka kwani simu haitoshi? Haitoshi, na ntaeleza kwanini.

Niliinunua Agosti 2020 kwenye duka la vifaa vya umeme hapa mjini, muuzaji alisema laki na kumi tukaelewana laki. Ukubwa wake kama viberiti viwili vimeungwa kwa urefu, inakula betri mbili zile nyembamba za AAA, memori ya ndani GB 4, ina tundu la maiki, tundu la hedfoni na kispika kidogo nyuma. Narekodi kwa MP3 ya kilobiti 128, saa nzima inachukua kama MB 57 hivi, mkutano wa kijiji mzima unautuma kwa bando dogo tu. Ukiweka WAV, yaani sauti isiyobanwa, ni kama MB 10 kwa dakika moja, sauti tamu kweli ila uko Tarakea mtandao unasuasua, utaituma lini?

Haikumaliza hata miezi mitatu, Oktoba 11, 2020 mlima ukashika moto, ulianzia eneo la Whona pale wapandaji wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Siku iliyofuata nilikuwa lango la Marangu, vijana wa kujitolea wanashuka macho mekundu, mmoja bado kashika tawi alilokuwa anapigia moto, limebaki kijiti cheusi na nadhani hakujua hata kama kalishika. Simu yangu ilizima saa nne asubuhi, mhariri anapiga, redio nyingine inapiga, ndugu nao wanapiga kuuliza uko wapi. Rekoda ikaenda mpaka jioni. Yule kijana nilipomwekea maiki akasema "kaka naomba maji kwanza ndo niongee", sauti imekauka kabisa, na hayo ndo maneno yaliyofungua taarifa yangu.

Ila kazi ninayoipenda kuliko zote nilifanya Kibosho mwishoni mwa 2022. Ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa hawasalimiani miaka minane sababu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, mtu aling'oa usiku masale, ile mimea inayopandwa mpakani, na kila mmoja anamtaja mwenzake. Mwenyekiti akanipigia, njoo, leo mdogo mtu anapeleka isale. Kwa wasio wa huku, jani la isale ukiletewa kwa kuombwa msamaha hulikatai, ni jambo zito sana. Nikafika, nikaamkia, nikaomba ruhusa, nikawaonyesha kile kitaa chekundu, nikamwambia mzee, shikamoo baba, hiki kikiwaka inasikiliza, kikizima imelala. Akasema iache mwanangu, isikilize. Kuna kijana wa pale pale nyumbani alitoa simu akaambiwa airudishe mfukoni, maana simu kwa wazee ni picha na picha ni kusambazwa. Rekoda nikailaza kwenye kigoda chini ya migomba, dakika tano mbele hakuna aliyekumbuka kama ipo.

Mdogo mtu akaja na jani moja refu limefungwa fundo, akapiga goti, akalinyoosha. Kaka mtu akanyamaza. Nilipokuja kusikiliza nyumbani nikahesabu, dakika moja na sekunde arobaini hakuna neno. Lakini kwenye ule ukimya unasikia maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, yanapita chini ya shamba, kuku, mtu anakohoa, halafu jani linapokelewa linalia kama karatasi, halafu kata ya kuchotea inazama kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Basi ndo walishapatana hapo, maneno yalikuja baadae. Mhariri alitaka kuukata ule ukimya eti wasikilizaji watadhani redio imezima, nikamsihi sana asiuguse, ikarushwa yote, na watu walipiga simu studio wengine wanalia.

Nimeenda nayo na Horombo pia, 2022 baada ya shirika la simu TTCL kufikisha intaneti kule, mita 3,720, nilipanda na wagumu, wale wabeba mizigo wa mlimani, kuongea nao kuhusu kazi yao. Usiku betri zikafa zote nikajua nimeuziwa feki, kumbe ni baridi, mgumu mmoja akaniambia kaka zivue uweke kwenye soksi ulale nazo, asubuhi zikawaka kama mpya. Kwahiyo ukipanda nayo betri ziwe mwilini, usiache kwenye begi.

Halafu kuna usiku wa tembo, vijiji vya huku Mwanga karibu na Ziwa Jipe. Nililala kwa mama mmoja mwenye mahindi yaliyokaribia kukomaa, rekoda nikaiacha dirishani inazunguka. Asubuhi nina saa saba za sauti, madebe, filimbi, mbwa, wanaume wanaitana, halafu saa nane na kitu usiku kelele zimetulia unasikia mabua yanavunjika karibu kabisa, taratibu, kama mtu anakanyaga vyungu vilivyokauka. Nikamwekea yule mama hedfoni. Akasikiliza kidogo akasema hapo ni kona ya mbaazi, huyo kaingilia kona ya mbaazi. Tukaenda kuangalia, kweli, nyayo zimejaa maji kama mabeseni na mbaazi zote zimelala. Alilijua shamba lake kwa sauti tu. Simu isingekesha vile aisee, na hata ingekesha ningeogopa kuiacha dirishani.

Mabaya yake nayo niseme. Kwenye upepo inaumia sana, huku tambarare ukirekodi nje bila kitu unapata ngurumo tupu, mi nilikata sponji ya godoro nikaivisha kichwani mwa rekoda, imesaidia. Ukitoa betri saa na tarehe zinapotea, faili zote zinaandika tarehe moja, inabidi mwanzo wa kila mahojiano nitaje kwa mdomo niko wapi na leo ni tarehe ngapi. Kitaa chake juani hakionekani. Na kubwa kuliko yote, betri zikikata katikati ile faili haifungi, inapotea yote. Mwaka jana nilipoteza hivyo mahojiano ya mama mmoja wa Same kuhusu mifugo iliyokufa na ukame. Nilirudi wiki iliyofuata, alinipokea vizuri sana, akaongea tena, lakini kuna alivyomtaja ng'ombe wake wa mwisho mara ya kwanza ambavyo hakurudia na mi singeweza kumwambia mama naomba useme kama vile. Liliniuma mno na bado linaniuma. Sasa hivi kila mahojiano ya maana naweka betri mpya, na kila dakika ishirini nabonyeza stopu naanza faili nyingine, hata kama mtu ananoga, namwomba samahani.

Nyota nne kwa tano, na ikifa leo kesho narudi kununua ya aina hii hii. Ukienda dukani usijaribie ndani kwenye kaunta, toka nayo mlangoni kwenye bodaboda, rekodi dakika mbili, sikiliza kwa hedfoni zako sio spika yake. Na waya wa kompyuta uuone ndani ya boksi kabla hujalipa, maana ni ile tundu ya zamani na siku hizi huo waya kuupata ni shida, wa kwangu umeshafungwa utepe sehemu mbili.