Fundi wa gemu za zamani Ngamiani: huwasha mashine tupu kwanza

Anayetafuta mashine ya gemu ya zamani hapa Tanga aende Ngamiani, kwa fundi wa redio na tivi ambaye rafu yake ya nyuma imejaa NES na Game Boy za kampuni ya Nintendo, Mega Drive ya Sega na PS2 ya Sony, zilizokuja na mitumba ya Ulaya. Nimenunua kwake NES ya wanangu kwa shilingi 90,000, na pedi mbili na kaseti moja. Bei ni ya kawaida. Ninachomsifia ni kwamba hakuuzii kitu kabla hajakiwasha mbele yako, tena kwanza bila kaseti.

Aliichomeka NES kwenye tivi ya kichogo. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na kioo kikawa kinafuata mwendo uleule, kama mara moja kila sekunde. Kijana mmoja pale kibandani akasema hiyo imekufa. Fundi akanigeukia: "Hapana mama, hii nzima. Inamtafuta mwenzake."

Maelezo yake yalinyooka. Ndani ya NES kuna chipu ya ulinzi, na kila kaseti iliyoidhinishwa na Nintendo ina chipu ya kuijibu. Zikielewana, gemu inaanza. Pasipo na wa kuitikia, chipu ya mashine inairudisha mashine mwanzo, tena na tena, na hapo ndipo unapoona kuwaka na kuzima. Nintendo waliiweka ili kaseti wasizoziidhinisha zisichezeke. Famicom ya Japani ya mwaka 1983, ndugu mkubwa wa NES, haina chipu hiyo. Wala hizi za Kichina tulizokua nazo hazina, na nyingi zina gemu ndani kabisa: unawasha bila kaseti, orodha inatokea.

Kwa hiyo NES tupu inayowaka na kuzima imekupa habari njema: umeme unaingia na chipu inafanya kazi. Ukishaweka kaseti na hali ikabaki ileile, hapo ndipo kuna tatizo, na mara nyingi ni uchafu au ulegevu kwenye soketi ya kaseti, yenye pini 72. Mji wetu una hewa ya chumvi, pini zinashika kutu upesi. Fundi huyu hupangusa pini kwa spiriti na kitambaa, na hataki kabisa mtu apulize kaseti kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Nampongeza kwa hilo, kwa sababu mafundi wengi hupuliza wenyewe.

Game Boy nayo ilinifurahisha. Bila kaseti, mahali pa jina la Nintendo panashuka pande jeusi, kisha kila kitu kinaganda. Mashine inalisoma jina hilo kutoka kwenye kaseti yenyewe. Isipoikuta, inachora weusi mtupu. Ukiliona pande hilo limekamilika bila mistari myeupe ya wima, sehemu hiyo ya kioo ni nzima.

Mega Drive haisemi kitu. Kioo cheusi tu, na mashine mbovu nayo huonyesha cheusi hichohicho, basi usikubali kuinunua mpaka kaseti imewekwa. Fundi anayo moja ya majaribio, iombe.

Hapa kwenye PS2 ndipo nina neno naye. Aliiwasha bila diski, menyu ikaja vizuri, akaona imetosha. Haitoshi. Menyu inatoka ndani ya mashine, haiguswi na lenzi ya kusomea diski, na lenzi ndiyo inayochoka kwanza kwenye PS2. Nilipomwomba aweke diski aliweka bila kinyongo, lakini mteja asiyejua angeondoka na mashine isiyosoma chochote. Angeifanya iwe desturi.

Mengine ni madogo. Risiti uiombe mwenyewe. Ijumaa mchana hufunga kwa ajili ya sala. Dhamana yake ni wiki moja, kwa mdomo.

Na ukimkuta na Famicom, mwulize adapta kabla ya kulipa. Adapta ya NES inatoa AC ya volti 9, Famicom inataka DC, ukizichanganya unaiunguza. Adapta ya Japani yenyewe ni ya umeme wa volti 100, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma imekwisha. Fundi anauza adapta sahihi kando, shilingi 15,000.