"Si limepona? Sasa unataka nini?"

Nilitaka hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazijapoa.

Nina Hilux ya kubebea nyanya kutoka Ilula. Lilipoanza kulia chini, gereji moja ya Morogoro wakasema senta beringi imekufa, ile inayoshika katikati ya propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Ilikuwa imekufa kweli, mpira wake niliuona umechanika. Hapo sina ugomvi nao.

Ugomvi ni baada ya kulichukua. Mpaka 60 limetulia, likifika 80 kiti na sakafu vinatetemeka mpaka miguu inakufa ganzi. Usukani umetulia tuli. Ukiweka gia huru likiwa bado linakimbia, mtetemo uko palepale, kwa hiyo injini haihusiki. Nikarudi. Fundi mkuu hata chini ya gari hakuinama: "Mama, hayo matairi. Kapige wili balansi." Nikasawazishiwa matairi yote manne, kwa hela yangu. Vilevile! Safari hiyo nyanya za matenga ya chini zilifika zimepondeka.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Ilula. Aliuliza kitu kimoja tu, kama shafti iliwahi kufunguliwa. Akaingia uvunguni, akaniita nichungulie. Propela ya gari langu ni vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno. Masikio yanayoshika krosi, vile viungo vinavyoiwezesha shafti kupinda, huku na huku yanatakiwa yakae usawa mmoja, maana krosi ikiwa kwenye pembe haizunguki sawasawa, inaharakisha na kuchelewa, na krosi ya pili ndiyo inayosawazisha. Yangu yalikuwa yamepishana, unaona kwa macho. Na shafti inazunguka karibu mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kosa dogo utalisikia tu. Akachomoa, akazungusha, akarudisha, akapiga alama mbili za rangi nyeupe. Hakuna spea hata moja iliyonunuliwa. Nilipovuka Ruaha Mbuyuni nikafika 90, kimya.

Nikapita gereji kuwaeleza, wasimfanyie mwingine. Fundi mkuu, macho kwenye simu: "Si limepona? Sasa unataka nini, mama?" Mbele ya wateja. Mimi niliyemlipa bila kuomba apunguze hata shilingi!

Nilikuwa niandike msikanyage pale. Lakini kijana wake alinifuata getini. "Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyeifungua, sikuweka alama. Nilimwambia bosi tuiangalie, akakataa." Mikono ina grisi, machozi yanamlengalenga. Kijana yule nampa gari langu hata kesho, nendeni mumuulizie.

Hapana, msiende. Kumbe bosi alijua! Alijua, akanituma kwenye balansi, akaniacha nishuke mlima Kitonga na mzigo shafti ikiwa vile. Hela ya balansi na ya nyanya zangu bado namdai.