Uzoefu wangu na albamu ya re:member ya Ólafur Arnalds, msiisikilize kwa spika ya simu

Wadau habari zenu, naomba nitoe uzoefu wangu wa hii albamu maana nimekaa nayo muda sasa na kuna mtu kaniuliza kama inafaa kununua au ni makelele ya kompyuta tu. Inunue, ila kwa spika ya simu utasikia piano inatembea tembea tu halafu useme nimekudanganya, vaa hedifoni.

Jamaa ni wa Iceland, kazaliwa 1986, albamu yake ya kwanza ilitoka 2007 akiwa na miaka 20 tu. Kabla ya hapo alikuwa anapiga drams kwenye bendi za ule muziki mzito wa magitaa na kupiga mayowe, na mimi nilivyojua hilo ndo nikaelewa kwa nini biti zake zinakaa vizuri hivi wakati piano na vayolini zimetulia kama za muziki wa klasiki kabisa.

Sasa hii re:member ya 2018 ndo yenyewe. Kuna programu inaitwa Stratus, kaitengeneza na mwenzake Halldór Eldjárn, imewachukua kama miaka miwili. Yeye anakaa kwenye piano yake anabonyeza noti, pembeni kuna piano mbili zinazojipiga zenyewe kwa kuongozwa na hiyo Stratus, vitufe vinashuka na kupanda na hakuna mtu aliyekaa pale, zinamjibu kwa noti ambazo yeye hajazipiga. Ni kama mwalimu wa kwaya anatoa sauti halafu kwaya inamuitikia kitu ambacho hakuwafundisha, na yeye akishasikia majibu anaenda akordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nyingine ambayo peke yake asingeifikiria. Kwa hiyo wale wanaosema mashine inaua muziki waje wasikilize hapa, bila ule mkono wake hizo piano mbili zinakaa kimya.

Anza na wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu. Piano inaingia taratibu, zile noti za Stratus zinaanza kumiminika nyuma yake, zinakuja ala za nyuzi, unadhani imefika mwisho kumbe drams ndo zinaingia na mimi hapo nywele zinanisimama kila mara. Wimbo wa Saman ni kinyume, piano peke yake, laini, imerekodiwa kwa karibu mpaka unasikia mbao na vitufe vyenyewe vinavyogusana. Wapenda biti nendeni kwenye wimbo wa Ekki hugsa.

Ule wimbo aliomshirikisha mwimbaji SOHN mimi huwa nauruka, sauti ya kuimba inafunika vile vinoti ninavyovitafuta, ila mke wangu ndo anaupenda kuliko zote.

Halafu ipakueni kwa waifai kwenye ubora wa juu, msibanie bando, mimi nikiweka ubora wa chini vile vinoti vidogo vya Stratus ndo vinapotea kwanza.