Ferociously Stoned: swingi na fanki kwa mpenzi wa dansi wa Mwanza

Wapenzi wa dansi lenye tarumbeta na mdomo wa bata (saksafoni), itafuteni hii. Ferociously Stoned ni albamu ya kwanza ya Cherry Poppin' Daddies, bendi iliyoanzishwa Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 1989 na mwimbaji Steve Perry pamoja na mpiga besi Dan Schmid. Waliitoa wenyewe mwaka 1990, bila kampuni kubwa nyuma yao. Wengi wanawajua kwa Zoot Suit Riot ya 1997, mkusanyiko wa swingi, ile jazi ya kuchezea ya Kimarekani, uliouzwa sana. Mimi naipenda zaidi hii ya mwanzo.

Sidii yangu niliiletewa na rafiki aliyekuwa akisoma huko, na siku hizi ndiyo inayonivusha foleni ya kutoka Nyegezi kwenda mjini.

Kilichonishika ni besi. Kwenye swingi besi inatembea, noti moja kwa kila pigo, huku matoazi yakivuta nusu ya kwanza ya pigo na kuifupisha ya pili. Fanki, muziki wa mdundo mzito wa Wamarekani weusi, inadai mambo mengine kabisa: pigo la kwanza linakanyagwa kwa nguvu, kisha besi inarukaruka na kuacha mapengo, gitaa nalo linakatwa vipande vifupi. Bendi ikivikoroga hivi viwili pamoja hupata uji mwepesi usioshibisha. Hawa hawakukoroga. Wimbo wa fanki umebaki fanki, wa swingi umebaki swingi, na zile pumzi za matarumbeta ndizo zinazokuambia kuwa wapigaji ni walewale.

Nilimsikilizisha kaka mmoja anayepiga besi kwenye bendi ya hoteli huku ufukweni, mtu wa rumba tangu utotoni. Hakusema kitu mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema, "Hawa wangeliweza chemko." Yaani ile sehemu ya kasi ya kuchezea ndani ya wimbo wa dansi. Nakubaliana naye. Aliyekulia kwenye Morogoro Jazz na Tabora Jazz hatajiona mgeni humu.

Drunk Daddy ndio wimbo unaonirudisha kila mara. Kwa mdundo ni wa kuruka nao, kasi tupu, matarumbeta yanafoka. Sikiliza maneno sasa: baba mlevi, kipigo ndani ya nyumba. Remmy Ongala alituimbia kifo na tukacheza, kwa hiyo msiba ndani ya ngoma si kitu kigeni kwetu, lakini huu uliniuma kweli.

Wenye watoto nyumbani muwe makini. Jina la bendi ni lugha chafu ya Kimarekani. Huko Eugene liliwaletea upinzani mkali, ikafika wakati wakapiga baadhi ya maonyesho kwa majina mengine. Mashairi nayo yana matusi na ngono waziwazi. Kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa, maana upigaji wao ulikuwa na nguvu ya kutosha bila hayo. Na msiipime kwa spika ya simu, besi yote itapotea.

Ukiipata, anza na Drunk Daddy na Dr. Bones, halafu uingie kwenye fanki kwa You Better Move. Ikikushinda kupatikana, nyimbo hizo mbili za kwanza zimo pia kwenye ule mkusanyiko wa 1997, ila kule ni swingi tu. Fanki yao ya ujanani iko huku.